Tuutazame Udongo Kabla ya Kuukata Mti



Lipo neno moja linalosikika sana katika mji wetu wa Kisangani, tangu maofisi ya Makiso hata karakana za Mangobo na Lubunga. Ni neno la wakubwa wa kazi, nao hulisema kwa kuugua: "Watu wa hapa hawapendi kazi." Atalisema mkuu wa ofisi, atalisema fundi seremala mwenye wanagenzi wanne, atalisema mama mwenye mtumishi mmoja tu wa nyumbani. Baada ya neno hilo hufuata mambo matatu, karibu sikuzote kwa taratibu ile ile. Kwanza, maonyo makali. Pili, kama fedha ipo, semina ya siku tatu yenye kalamu mpya na chai. Tatu, mtu anafukuzwa, anachukuliwa mwingine, na baada ya miezi sita huyo mwingine naye anasemwa vile vile.

Hapo mtu mwenye akili hana budi kujiuliza. Ikiwa watu watatu wamekalia kiti kimoja, mmoja baada ya mwenzake, na wote watatu wameanguka kwa namna moja, je, haujafika wakati wa kukitazama kiti?

Si jambo dogo, ndugu zangu. Mtu anapofukuzwa kazi katika mji kama huu, hafukuzwi peke yake. Watoto wake hurudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule, mama wa nyumba hukopa unga kwa jirani, na jina la baba huharibika mtaani, asipate mdhamini kwa kazi nyingine. Ikiwa kosa lilikuwa lake, ni msiba. Ikiwa kosa halikuwa lake, ni udhalimu, na aliyeufanya atatoa hesabu yake mbele ya Mungu, hata kama aliufanya kwa kutojua jambo ambalo angaliweza kulijua kwa kuuliza.

Mkoa wetu wa Tshopo una habari yake ya zamani inayotufundisha juu ya jambo hili. Mwaka 1911 Mwingereza mmoja mtengenezaji wa sabuni, William Lever, alipatana na serikali ya Ubelgiji, akaanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge. Alipewa maeneo matano makubwa yenye michikichi ya asili. Mojawapo liliitwa Elisabetha, kwa jina la malkia wa Wabelgiji, na ndilo Lokutu ya leo, tukishuka na mto kutoka Kisangani. Kazi ya mkataji ilikuwa kuupanda mchikichi mrefu wa msituni kwa mshipi, kukata mkungu wa ngazi, kushuka, na kuubeba mpaka mahali pa kupimia. Ni kazi ya hatari. Mshipi ukikatika, au mguu ukiteleza baada ya mvua, habari imekwisha.

Kampuni ilitaka ngazi nyingi zaidi, na ngazi hazikutosha. Ikasemwa lile lile: watu hawa ni wavivu. Dawa iliyotumika ni kumsukuma mtu. Palikuwa na kodi ya kichwa iliyomlazimu kila mwanaume kutafuta fedha, machifu walishurutishwa kutoa watu, na wakuu wa serikali waliwasaidia waandikishaji wa kampuni kwa nguvu zao. Wanahistoria wameyaandika hayo kirefu, nasi hatuna haja ya kuyarudia yote. Tutazame jambo moja tu. Mtu akisukumwa, hupanda mti. Lakini mikono yake ni miwili, siku ina saa zake, na mchikichi una urefu wake. Hata angesukumwa kwa kiboko, hawezi kutoa katika ngazi mafuta yasiyokuwamo.

Sasa tuje Yangambi. Mwezi wa Desemba 1933 Wabelgiji walianzisha shirika la uchunguzi wa kilimo, INEAC, na kituo chake kikuu kikawekwa Yangambi, kadiri ya kilometa mia moja kutoka Kisangani. Huko wataalamu wawili, Beirnaert na Vanderweyen, hawakumchunguza mkataji. Waliichunguza ngazi yenyewe. Kila mwenyeji wa nchi hii ajua kwamba ngazi si za aina moja. Zipo zenye kokwa la ganda nene na nyama kidogo. Hizo wataalamu huziita dura, na katika michikichi ya msituni karibu zote ni hizo. Zipo chache sana zisizo na ganda gumu kabisa, nazo huitwa pisifera, lakini miti yake mara nyingi haizai matunda yakakomaa. Na zipo za katikati, za ganda jembamba na nyama nyingi, ziitwazo tenera.

Watu walikuwa wamejaribu kupanda mbegu za tenera ili wapate tenera tupu, wakashangaa kuona kwamba karibu nusu ya miti ilikwenda kando. Mwaka 1941 wataalamu hao wawili walitoa jawabu. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukizichanganya dura na pisifera kwa mikono yako, watoto wote watakuwa tenera. Ukichanganya tenera na tenera, utapata katika kila miti minne, kwa wastani, dura mmoja, tenera wawili na pisifera mmoja. Wanafunzi wanaosoma habari za urithi wa viumbe watatambua mara moja hesabu ya yule mtawa Gregor Mendel, aliyeipata kwa njegere katika bustani ya monasteri yake.

Matokeo yake ni nini? Mkungu wa tenera hutoa mafuta zaidi kuliko mkungu wa dura ulio sawa nao kwa uzito, kadiri ya theluthi moja zaidi. Tena mti uliopandwa shambani huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, ungali mfupi, na mkataji huukata mkungu wake akisimama chini. Mtu ni yule yule. Mkono ni ule ule. Mafuta yameongezeka kwa sababu hatimaye mtu mmoja aliuliza swali juu ya mti.

Nisieleweke vibaya. Wataalamu wa Yangambi walitafuta mafuta. Sidhani kwamba walikesha kwa kumhurumia mkataji. Wala mateso hayakuisha siku ile: katika miaka ya vita, tangu 1940 hata 1945, watu wa Kongo walishurutishwa kazi kuliko kwanza. Lakini njia mbili za kuongeza kazi zilionekana wazi katika mkoa mmoja, kandokando ya mto mmoja. Moja ilimkamua mtu, na nyingine ilichunguza kilichomzunguka.

Njia hii ya pili leo imekuwa elimu kamili. Huko Marekani watu walioishughulikia waliunda chama chao mwaka 1962, na mwaka 1978 mmoja wao, Thomas Gilbert, alitoa kitabu chake juu ya uwezo wa binadamu kazini. Gilbert alianza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo sisi twayachanganya kila siku: mahangaiko ya mtu, na kile anachokiacha nyuma yake. Karani aweza kutoka jasho tangu asubuhi hata jioni, akigonga mihuri na kukimbia huku na huku, na jioni hakuna barua hata moja iliyomfikia mwenyewe. Mwingine ameketi kimya, na kazi imekwisha saa saba. Wakubwa wengi humsifu yule wa kwanza.

Kisha akasema: usiulize kwanza mtu huyu ana kasoro gani. Mtafute mfanyakazi aliye bora kuliko wote katika kazi ile ile, umlinganishe na wa kawaida, ukapime umbali kati yao. Halafu tafuta sababu ya umbali huo kwa maswali sita, kwa taratibu.

La kwanza ni la habari. Je, mtu huyu ameambiwa waziwazi kinachotakiwa, na baadaye huambiwa amefika wapi? La pili ni la vyombo: je, anavyo, na vinafaa? Nimewasikia wenye baiskeli wanaowakodisha vijana wa toleka wakilalamika kwamba vijana hawaleti fedha ya kutosha jioni. Ukiitazama baiskeli, mnyororo umelegea na gurudumu la nyuma limepinda. Fundi cherehani naye ataharakishaje, ikiwa cherehani yake yategemea umeme? Kituo chetu cha maporomoko ya Tshopo kilianza kazi mwaka 1955, kina mashine tatu, na wakazi wa mji wajua wenyewe ni mara ngapi zote tatu zimezunguka pamoja. La tatu ni la thawabu: anayefanya vizuri hupata nini, na anayefanya vibaya hupata nini? Usicheke, kwa maana mahali pengi afanyaye vizuri hupata jambo moja tu, nalo ni kuongezewa kazi ya mwenzake mzembe.

Maswali hayo matatu ni ya mwajiri. Yaliyobaki matatu ni ya mtu mwenyewe: maarifa yake, uwezo wake wa mwili na akili kwa kazi hiyo hasa, na nia yake. Gilbert alishika sana taratibu hiyo. Alisema tuanze juu, kwa maana mara nyingi kasoro huwa huko, tena kuitengeneza huko ni rahisi. Sisi huanza chini. Twasema hana nia, kisha twampeleka semina, ambayo ni dawa ya maarifa, na maarifa pengine alikuwa nayo tangu mwanzo.

Tutunge mfano mmoja, ambao wauguzi watautambua. Katika nchi yetu kila kituo cha afya hutakiwa kupeleka ripoti ya mwezi katika ofisi ya kanda ya afya. Tuseme kipo kituo kandokando ya mto Lindi ambacho ripoti yake huchelewa kila mwezi, na tena huwa na makosa. Muuguzi msimamizi ameonywa mara mbili kwa barua. Ameitwa mafunzo ya kujaza karatasi. Ripoti imechelewa tena. Sasa imeandikwa barua ya tatu, ile ya mwisho.

Kabla ya kutia sahihi, mkubwa wake na ashike njia yetu. Amtazame kwanza muuguzi wa kituo kingine ambaye ripoti yake hufika mapema. Ataona nini? Pengine ataona kwamba huyo hujaza daftari kila jioni, mgonjwa kwa mgonjwa, wala hangoji mwisho wa mwezi ili ahesabu majina mia tatu kwa taa ya mafuta. Kwa nini huyu wa Lindi hafanyi hivyo? Kwa sababu karatasi za kuhesabia za kila siku zilikwisha tangu Pasaka, naye anatumia daftari la shule alilolipiga mistari mwenyewe. Hicho ni chombo. Je, aliwahi kuambiwa makosa yake ni yapi? Barua zilisema "makosa mengi". Hakuna iliyosema kwamba anaandika watoto wa chini ya mwaka mmoja katika safu ya wale wa chini ya miaka mitano. Hiyo ni habari. Je, hufikishaje ripoti? Hungoja mtumbwi wa wafanyabiashara, ambao huondoka kwa soko, wala haujali tarehe ya ofisi. Akitaka kwenda mwenyewe, nauli hutoka katika mfuko wake, na siku hizo mbili kituo hufungwa. Na mwezi ule mmoja alipojitahidi ikafika mapema, nani alimwambia asante? Hakuna. Hata jibu halikurudi.

Mkubwa akiyaona hayo, atafanya nini? Atatuma karatasi za miezi sita mara moja. Ataandika kosa lenyewe, pamoja na mfano wa jinsi ya kulirekebisha. Atapatana na mwenye mtumbwi, au ataibadili tarehe ya kituo hicho ipatane na siku ya soko. Kisha, ripoti ikifika, atajibu hata kwa mistari miwili. Gharama ya yote hayo ni ndogo kuliko semina moja. Na ikiwa baada ya hayo yote ripoti ingali inachelewa, hapo ana haki ya kuuliza juu ya maarifa, juu ya uwezo, na mwisho juu ya nia.

Wengine watasema: maneno mengi ya nini? Ongeza mshahara, kazi itafanyika. Kwamba mfanyakazi apewe ujira wa haki, na kwa wakati wake, Kanisa limefundisha bila kuchoka tangu barua ya Baba Mtakatifu Leo XIII ya mwaka 1891, na mimi sitapunguza hata nukta moja. Mwalimu asiyelipwa miezi mitatu hahitaji maswali sita. Lakini fedha ya kuchochea kazi ni jambo jingine, na nchi yetu yenyewe imelijaribu. Kati ya 2010 na 2012, huko Katanga ya Juu, vituo kadha vya afya vililipwa kwa kadiri ya huduma walizotoa, na vingine vikalipwa kiasi kisichobadilika, ili watafiti wavilinganishe. Wauguzi waliolipwa kwa hesabu ya huduma walijitahidi zaidi: walikuwapo kazini zaidi, na wakapunguza bei kwa wagonjwa. Walakini wagonjwa hawakuongezeka. Juhudi iliongezeka, ila matunda hayakuongezeka. Yaonekana kizuizi kilikuwa mahali pengine, ambapo fedha ile haikugusa. Ndiyo maana mtu asiyetafuta sababu hupoteza hata fedha yake nzuri.

Majirani zetu wa Tanzania walianzia katika vyombo. Mwaka 2007, katika hospitali ya rufaa ya Mbeya, walianza kutumia utaratibu uliozaliwa katika viwanda vya Japani, na ambao hospitali ya akina mama ya Castle Street huko Colombo, Sri Lanka, ilikuwa imekwisha uonyesha kwamba wafaa hata kwa wagonjwa. Wameutia katika maneno matano ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani ondoa visivyotumika, weka kila kitu mahali pake, safisha, fanyeni wote kwa namna moja, msiache. Aliyepata kumwona muuguzi akitafuta mkasi katika kabati tatu huku mgonjwa anavuja damu, hatauliza faida yake.

Na mvivu je? Yupo, hatukani. Dhambi ya uvivu iko katika katekisimu, haikuwekwa kwa mapambo. Wengi wetu tumemwona mtu mwenye karatasi, mwenye mtumbwi, mwenye mshahara na mwenye shukrani za mkubwa, naye bado analala mezani. Lakini kumbukeni mfano wa Bwana wetu juu ya mtini usiozaa, katika Injili ya Mtakatifu Luka. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta tunda, asilione. Anataka mti ukatwe. Mtunza bustani hakuukana uamuzi huo. Hakusema mti hauna kosa. Aliomba mwaka mmoja tu, apate kuuchimbia udongo pande zote na kuutilia samadi. Usipozaa baadaye, basi, ukatwe. Natamani kila mkuu wa ofisi ausome mfano huo siku anapoandika barua ya kufukuza, ajiulize kama amekwisha shika jembe.

Pana hatari moja, nayo yanipasa niitaje. Elimu hii ya kupima kazi yaweza kushikwa na mkono mbaya. Mwenye tamaa akijua kupima umbali kati ya mfanyakazi bora na wa kawaida, aweza kuwalazimisha wote wamfikie yule bora kwa nguvu za miili yao, na hapo tumerudi Elisabetha. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alieleza kwamba kipimo cha kwanza cha kazi ni yule anayeifanya, kwa maana yeye ni nafsi, si chombo. Kwa hiyo, mwajiri akimaliza maswali yake sita, mfanyakazi naye aruhusiwe kuuliza lake: mafuta haya yaliyoongezeka, yamemwongezea nani?

Wazazi, msidhani kwamba haya ni ya maofisi tu. Mtoto amerudi na alama tatu kwa ishirini katika hesabu. Kabla ya kumwita mjinga mbele ya wadogo zake, ambalo ni jina linalokaa muda mrefu, muulize kazi aliyopewa ilikuwa ipi, ayaseme kwa maneno yake. Litazame daftari lake, kama limesahihishwa au lina alama nyekundu tupu bila maelezo. Ulizeni anakaa mstari wa ngapi, na kama anauona ubao. Mara nyingi mno mtoto "asiye na akili" huhamishiwa mbele, akapata akili juma lile lile. Uliza pia nani huteka maji jioni, saa ngapi taa huwashwa, na kama inawashwa. Sisi walimu nasi tutajibu maswali yanayotuhusu, hata kama hayapendezi.

Juma lijalo, kwa kuwa tumegusa habari ya ujira, tutazungumza juu ya mtumishi wa nyumbani: mshahara wake, siku yake ya kupumzika, na ruhusa yake ya kwenda Misa ya Jumapili.